Hotuba: Kwa nini napinga kupiga marufuku soga kwenye grupu letu

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa kata yetu, hapa Mbagala, katikati ya mwaka 2024, tulipokuwa tunajadili matumizi ya grupu letu la WhatsApp. Baadhi ya makamanda ambao hawakufika waliomba niyaweke hapa. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, nimeondoa tu majina ya watu.)

Ndugu Mwenyekiti wa Vijana wa Kata, ndugu Katibu, mama zetu mliokuja kutusikiliza, makamanda wenzangu, habari za jioni!

Mmeitikia "nzuri". Ahsanteni. Lakini tuambizane ukweli, wangapi humu ndani habari zao ni nzuri kweli? Kuna mtu hapa kodi yake imeisha juzi. Kuna mtu pikipiki yake imeshikwa tangu Jumanne. Nimewauliza habari, mkanijibu nzuri, wala hakuna aliyesema uongo. Tumebishana hodi tu, nikagonga, mkafungua. Sasa tunaweza kuzungumza.

Ndugu Mwenyekiti, hoja iliyo mezani inasema hivi: kuanzia mwezi ujao, grupu letu liwe la matangazo, michango na ratiba peke yake. Salamu za asubuhi basi. Utani wa mpira basi. Picha za chakula, stika, stori za mtaani, "wazima humu?", vyote marufuku. Atakayekiuka anaonywa mara moja, mara ya pili admini anamtoa. Nimesimama kuipinga hoja hii, na naomba mnivumilie kidogo.

Kwanza nimtendee haki kaka yangu mleta hoja. Malalamiko yake ni ya kweli. Lile grupu lina watu zaidi ya 200. Ukizima data saa nne usiku, ukiwasha asubuhi unakuta meseji 300. Bando la shilingi elfu moja linaliwa na video ya mbuzi anayecheza muziki. Tangazo la kikao cha Machi lilipachikwa saa tisa alasiri, ilipofika saa kumi lilikuwa limeshafukiwa chini ya ubishi wa nani mkali kati ya Chama na Aziz Ki. Watu wakakosa kikao, halafu wakasema hawakuambiwa. Hilo ni tatizo, na nitalirudia baadaye. Lakini dawa ya kichwa kinachouma si kukikata.

Tuanze na kujiuliza, hizi soga tunazotaka kuzifukuza ni kitu gani hasa?

Nimepitia meseji za wiki moja tu, nikasoma kama mtu anayesoma gazeti. Saa kumi na moja alfajiri, dada yetu anayekaanga vitumbua anaandika "Wazima? Mimi nishawasha moto." Hilo ni kila siku. Anafuata kamanda wa bodaboda: "Rangi Tatu foleni imeshaanza, wa Kariakoo amkeni." Mwingine anatupia picha ya dimbwi lililo mbele ya mlango wake na kuandika "Nauza kiwanja cha ufukweni." Watu wanacheka. Mama lishe anauliza kama kuna anayejua maharage yanapatikana wapi kwa bei nafuu, maana pale anaponunua yamepanda tena. Anajibiwa na watu saba, kila mmoja anataja bei ya mtaani kwake. Mchana kimya, watu wako kazini. Jioni mpira. Usiku kuna wale wasiolala, wanaulizana mambo ya mapenzi.

Sasa niambieni, ndugu wajumbe. Ile picha ya dimbwi ni mzaha? Ndiyo, ni mzaha. Na ni taarifa ya miundombinu ya mtaa pia. Yale majibu saba ya bei ya maharage ni soga? Ndiyo. Lakini siku Katibu alipotakiwa kuandika maelezo kuhusu hali ya maisha ya wananchi wa kata hii, alizichukua wapi bei? Alizichukua humohumo kwenye soga za mama lishe. Hakuna mtu aliyejaza fomu. Hakuna aliyetumwa kufanya utafiti. Watu walikuwa wanapiga stori.

Mtu ukimwambia "toa taarifa kuhusu changamoto za eneo lako", anaingiwa na woga, anaanza kutafuta maneno makubwa, mwishowe haandiki kitu. Ukimwacha apige soga, atakwambia yote.

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa niwakumbushe jambo ambalo wengi wenu mlikuwepo.

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023, sisi watu wa Simba tulipigwa tano moja na Yanga. (Mnacheka. Chekeni tu, na sisi tuna ile tano bila ya Mei 2012, haijafutika.) Usiku ule grupu liliwaka moto. Watu wa Yanga walituandama mpaka wengine tukazima simu. Vidole vitano kila mahali. Mtu anakusalimia kwa kukuonyesha kiganja.

Sasa, humu kundini tuna kamanda mmoja, Yanga wa kufa na kuzikwa. Huyu hata Yanga ikitoka sare anatafuta namna ya kukucheka. Yeye na kamanda mwingine wa Simba, fundi wa kuchomelea, ni watani wasioachana. Kila asubuhi lazima watukanane kwa upendo, ndiyo wanakwenda kazini. Jumapili ile ya tano, huyu Yanga hakuandika kitu. Jumatatu, kimya. Jumatatu usiku yule fundi akaandika kwenye grupu, nanukuu kama nilivyoikuta: "Jamani, mtani wangu yuko wapi? Tumefungwa tano na hajaja kunicheka. Huyu mtu hayuko sawa."

Wengine walidhani ni utani. Fundi hakutania. Jumanne asubuhi kabla ya kufungua karakana alikwenda mpaka alikopanga mwenzake. Akamkuta ndani, kalala, mguu umevimba kama gogo. Alianguka na pikipiki Ijumaa usiku. Alikuwa amefungwa kitambaa na kumeza dawa za maumivu za dukani. Simu ilikuwa na chaji, bando lilikuwepo, na meseji zetu zote alikuwa anaziona.

Fundi akamuuliza, mbona hukusema? Jibu lake ndilo lililonifanya nisimame hapa leo. Alisema: "Wiki ile grupu lilikuwa la michango tu. Na mimi nadaiwa miezi miwili. Ningeanzia wapi kuomba msaada?"

Naomba hilo liwaingie, ndugu wajumbe.

Watu walikusanyika siku hiyohiyo, akapelekwa hospitali, mguu ulikuwa umevunjika, akafungwa plasta. Leo yuko mzima, anaendesha tena, na bado anatucheka. Lakini tazameni ni nini kilichomwokoa. Orodha ya wanachama haikumwona. Daftari la michango lilimwona, lakini lilimwona kama mdaiwa. Aliyemwona kama mtu ni mtani wake, kwa sababu alikosa kuchekwa.

Grupu la matangazo matupu lina aina mbili tu za watu, aliyelipa na ambaye hajalipa, aliyehudhuria na ambaye hakuhudhuria. Mtu aliyekwama hana mlango wa kuingilia. Hawezi kuja katikati ya "Tunakumbushana michango" akaandika "Jamani naumwa." Ataonekana anatafuta kisingizio. Lakini palipo na soga, mlango uko wazi muda wote. Anaweza kuanza na "wazima humu?" halafu akasogea taratibu mpaka kwenye shida yake.

Na jambo hili halikuanza na simu. Wazee wetu walilijua siku nyingi. Mtu mzima wa pwani ukikutana naye njiani, hakupi shida yake mara moja. Hujambo, sijambo, za nyumbani, watoto, kazi, mvua za kwenu. Ukimkatisha ukamwambia "sema shida yako", umemvunjia heshima, na shida yenyewe huenda usiisikie.

Tazameni utani wa makabila. Mzaramo akifiwa, mtani wake Msukuma au Mnyamwezi anakuja msibani anaigiza alivyokuwa akitembea marehemu, anazuia shughuli mpaka apewe chochote. Mgeni asiyejua atasema huyu ni mwendawazimu. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika kazi za msiba, na ndiye anayeweza kumfanya mfiwa ale. Mzaha wake ndio unaompa ruhusa ya kukaa karibu.

Hata wasomi wameliona. Mwaka 1923 Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Poland aliyekwenda kuishi na wenyeji wa visiwa vya Trobriand kule Pasifiki, aliandika kwamba kuna mazungumzo ambayo watu hawayafanyi ili kupeana habari. Wanayafanya ili kufunga uhusiano. Salamu, maneno ya hali ya hewa, stori zisizo na kichwa wala miguu. Msomi alivuka bahari kuyagundua hayo. Bibi yangu kule Rufiji angemwambia bure.

Na sisi wanasiasa ndio tungepaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote. Kumbukeni tulikotoka. Kuanzia 2016 mpaka Januari 2023, mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa nchi hii. Miaka zaidi ya sita. Hakuna jukwaa, hakuna kipaza sauti. Kuna matawi yalikufa kabisa katika miaka hiyo. Letu halikufa. Kwa nini? Hatukuwa na ofisi, na hela ndiyo kabisa hatukuwa nayo. Tulikuwa tunasalimiana. Mtu anamtakia mwenzake heri ya siku ya kuzaliwa, anatuma picha ya mtoto wake aliyeanza darasa la kwanza, anabishana kuhusu mpira. Mwaka 2023 ruhusa ilipotoka, tukaitana, na watu wakaja wakiwa bado wanajuana. Mti wetu wa mikutano ulikuwa ndani ya simu, na chini ya mti huo kwa miaka sita tulikuwa tunapiga soga.

Hata pale Jamii Forums, ambapo tangu 2006 Watanzania wamekuwa wakichapana hoja za siasa bila kuoneana haya, waliweka pia chumba cha Chit-Chat cha stori za kawaida. Mtu mnayegombana naye kwenye jukwaa la siasa mchana, usiku mnacheka naye kwenye Chit-Chat. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi, alikamatwa, akafunguliwa kesi zilizohusu kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Mnadhani alikuwa analinda makala kubwa tu? Alikuwa analinda nafasi ya watu kuzungumza bila kuogopa.

Sasa nakuja upande wa pili, maana sikuja hapa kusifia kila kitu. Kuna soga zinazojenga na kuna zinazobomoa, na nitazitaja bila kumung'unya maneno.

La kwanza, kaka zangu, matusi na utani wa mwili. Mimi ni mwanamke na ninaongea na wanawake wenzangu pembeni. Dada kadhaa wamejitoa kwenye grupu letu. Hawakuandika sababu, waliondoka tu. Ukiwauliza, wanakwambia wamechoka kuamka na video za aibu, au picha ya dada wa watu imewekwa na watu hamsini wanajadili umbo lake. Mnaita stori za kijiwe. Kijiwe ambacho dada yako hawezi kukaa si kijiwe cha chama. Hapa sina utani.

La pili, umbea wenye jina la mtu. Fulani kaachika, fulani anatembea na fulani. Hiyo inavunja watu, na watu wakivunjika, tawi nalo linavunjika.

La tatu, habari za kuforwadi. Mnaijua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Unaweza kuona sheria hiyo ni mbaya, na mimi naiona mbaya, maana inampa mkubwa nafasi ya kuamua uongo ni upi. Lakini ipo. Wenyewe WhatsApp, Januari 2019, waliweka kikomo dunia nzima kwamba meseji moja usiweze kuiforwadi kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mkupuo, kwa sababu waliona uvumi ulivyokuwa unaua watu India. Kwa hiyo "nimeipokea kama ilivyo" si kinga mahakamani, na kwa jirani yako pia si kinga.

La nne, skrinishoti. Watu wanajidanganya kwamba meseji za WhatsApp zimefungwa kwa siri tangu 2016, hakuna anayeziona katikati. Ni kweli katikati hazionekani. Lakini kundi la watu 200 halina siri. Anayepiga picha meseji ya mwenzake wa kundini na kuipeleka nje hakuhitaji utaalamu wowote. Alihitaji kidole tu.

Kwa hiyo, ndugu Mwenyekiti, naomba hoja ya kaka yangu ifanyiwe marekebisho. Mapendekezo yangu ni haya:

Moja. Tuwe na makundi mawili. La kwanza liwe la matangazo, ambalo admini peke yake ndiye anayeweza kuandika. WhatsApp wanaruhusu mpangilio huo tangu 2018, hauhitaji hela wala fundi. Tangazo la kikao likiwekwa humo halifukiwi na kitu. La pili liwe kijiwe, na kila mtu aongee.

Mbili. Kijiwe kisidai michango. Mtunza hazina amfuate mdaiwa inboksi, kwa heshima. Tusimtaje mtu deni lake mbele ya watu 200.

Tatu. Picha za aibu na kumjadili mtu mwili wake, mara ya kwanza unatolewa. Hapa sipendekezi onyo. Na wanawake wawili wawe miongoni mwa maadmini.

Nne. Habari yoyote nzito isiyojulikana imetoka wapi, itumwe kwanza kwa Mwenezi. Akiithibitisha, itapanda. Asipoithibitisha, imeishia hapo.

Tano, na hili ndilo kubwa kwangu. Mtu aliyezoea kuongea akinyamaza siku tatu, apigiwe simu. Asipopokea, aliye jirani naye aende kugonga mlango. Tugawane kwa mitaa, kila mmoja ajue watu watano wa kuwaangalia.

Kwa nini nasisitiza kugonga mlango? Kwa sababu mtandao si wa kwetu. Kumbukeni Oktoba 2020, siku za uchaguzi. WhatsApp ilikuwa haifunguki vizuri, Twitter imezimwa, watu wanahangaika na VPN. Waliopatana siku zile ni wale waliokuwa na namba za simu za kawaida na waliojua mwenzao anakaa nyumba gani. Tena kuna makamanda wetu, wengi wao mama zetu, wanatumia vitochi, hawamo kwenye grupu lolote. Hao tukiwasahau, tumewafungia nje ya kijiwe chetu. Soga za kwenye simu ziwe njia ya kufika kwenye mlango wa mtu. Zikiishia kwenye kioo, mleta hoja atakuwa amesema kweli kwamba tunapoteza bando.

Namalizia, ndugu Mwenyekiti. Kuna kauli imesemwa hapa kwamba "sisi ni watu wa ukombozi, hatuna muda wa kuulizana umekula nini." Namheshimu aliyesema. Lakini mimi nataka kujua umekula nini. Kama hukula, nataka kujua kwa nini hukula. Maswali hayo mawili yakifuatana, tayari tunafanya siasa, na siasa hiyo inaanzia kwa mtu ninayemjua kwa jina.

Naomba wajumbe mniunge mkono kwenye marekebisho haya. Na wale wa Yanga, nawasubiri kijiweni kesho asubuhi. Msipotokea, nakuja kugonga.



(Baada ya majadiliano, mleta hoja alikubali marekebisho. Kikao kiliamua tujaribu makundi mawili kwa miezi mitatu, na mgawanyo wa watu watano watano uanze mara moja. Pendekezo la tatu ndilo lililobishaniwa zaidi, likapita kwa kura.)